Jeki ya Mdomoni

Jumanne, alasiri inaelekea jioni. Shelui.

Upepo umetulia tangu mchana na vumbi la barabarani limeshuka, kwa hiyo leo naandika nikiwa nje, mgongo ukutani, kichwa wazi. Nywele zangu zimesimama kila moja upande wake kama zimegombana. Nimeshiba, nimecheka, nimelia kidogo, na ukinijumlisha nina furaha. Naiandika hiyo mapema kwa sababu huko mbele kuna mahali utadhani mambo yaliharibika.

Kesho nakwenda Dodoma kulala.

Kulala tu. Wenzangu huenda Dodoma kwa kesi, kwa harusi, kwa mambo ya serikali. Mimi nitapanda basi, nitafika kliniki jioni, nitabandikwa nyaya kichwani, kifuani na miguuni, nitazimiwa taa, basi. Chumba cha pili atakaa mtu anaangalia kwenye kompyuta jinsi ninavyopumua, mpaka kuche.

Kwa anayepita kwenye ukurasa wangu huu kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na magauni ya kitenge, kibanda changu kiko karibu na maegesho ya malori. Mume wangu, Baba Tumaini, ni dereva wa lori. Na nina ugonjwa ambao kwa miaka mingi niliuita uchovu. Nikilala koo linajifunga, pumzi inakatika, halafu mwili unashtuka na kuivuta tena kwa kishindo. Kisha inakatika tena. Asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na mchana nasinzia juu ya cherehani. Kuna shati la mtoto wa watu niliwahi kulishona mkono mmoja ukiwa umezibwa mwisho kama mfuko.

Nilipopimwa mara ya kwanza waliniambia kuna mashine yenye barakoa, inakupulizia hewa ukiwa umelala. Mashine nzuri, ila inataka umeme usiku kucha, na umeme wa kwetu mnaujua wenyewe. Daktari wa meno akasema basi tuanze na kifaa cha mdomoni. Ni vipande viwili vya plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Kimoja kinashika meno ya juu, kingine ya chini, na pembeni kuna skrubu ndogo. Ukiizungusha, taya la chini linasogea mbele kidogo, na ulimi unaondoka njiani. Kesho watanipima nikiwa nacho mdomoni, waone kama pumzi bado inakatika.

Baba Tumaini alipokiona mara ya kwanza alikigeuzageuza kiganjani, akasema, "Hii ni jeki." Nikamwambia ni kifaa cha tiba. Akasema kinanyanyua kitu kizito ili kazi ifanyike chini yake, hiyo ni jeki.

Tangu siku hiyo hakina jina jingine nyumbani. "Umeweka jeki?" ndilo neno la mwisho ninalosikia kabla ya taa kuzimwa. Skrubu huwa anazungusha yeye. Mimi naachama, yeye anashika simu yenye tochi kwa mkono mmoja na kifunguo chembamba kwa mkono mwingine, amebana midomo kama anaziba pancha. Mikono ile inayofungua nati za tairi la lori hutulia kabisa ikifika kwenye meno yangu. Sijawahi kumwambia kwamba naipenda ile dakika. Naiandika hapa kwa sababu hapa huwa hasomi.

Sasa niseme jambo lenyewe. Mgonjwa ni mimi, lakini asiyelala ni yeye.

Tangu alipoambiwa kwamba pumzi yangu inakatika, amejipa ulinzi. Analala ubavu, kiganja kiko mgongoni kwangu. Nikinyamaza anasubiri, nikizidi kunyamaza ananitikisa. Halafu anaamka na kwenda kuendesha lori. Mwezi uliopita, anashuka mteremko wa Sekenke na mzigo wa vitunguu, alisinzia. Mwenzake aliuwahi usukani. Hakuna aliyeumia. Alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake, akanieleza yote bila kuficha. Tajiri wake, mwenye lori, ni mtu muungwana, alimwambia apumzike, atarudi barabarani siku atakayokuwa amelala kama binadamu. Lori limeegeshwa nyuma ya nyumba. Kila nikienda kuanika nguo naliona.

Nilimwomba ahamie chumba kingine. Alinitazama kama nimemtukania mama yake.

Na jeki, ambayo ilitakiwa kumtuliza, imemwongezea. Mimi najisikia vizuri. Nina wiki kadhaa naamka mwepesi, sijasinzia kwenye cherehani, nimeshona mikono ya mashati na yote ina matundu ya kutokea vidole. Lakini jeki imeondoa mkoromo, na yeye alikuwa anautegemea mkoromo. Zamani alinisikia. Sasa niko kimya, na kimya ndicho alichokuwa anakiogopa. Naona asubuhi macho yamemwiva, namwambia nililala vizuri, ananijibu, "Wewe ulikuwa umelala, utajuaje?"

Ndiyo maana nakwenda Dodoma. Nataka mtu mwenye vyombo amwambie mume wangu kwamba kimya changu ni kimya kizuri.

Nesi wa kliniki alinitumia maagizo kwa sauti kwenye simu, nimeyasikiliza mpaka nimeyakariri. Kesho kuanzia mchana nisinywe chai, kahawa wala soda. Nisilale mchana. Nije na nguo pana za kulalia, na mto wangu kama nitapenda. Kucha zisiwe na rangi wala hina, maana kuna kitu kitabana kidole. Jeki nije nayo kwenye kikopo chake, na skrubu isiguswe tena. Jana Baba Tumaini alitaka azungushe kidogo tu, mara ya mwisho, ili tufaulu. Nilimkatalia. Siku ya kumjaribisha mteja gauni huendi kuongeza mshono mlangoni.

Agizo lililoniuma ni la nywele. Zisiwe zimesukwa, zioshwe, zisipakwe mafuta, ili nyaya zishike. Nami nilikuwa nimesuka Jumamosi, mistari midogo mizuri, shingo inauma mpaka leo.

Leo mchana nimefunga kibanda mapema. Baba Tumaini amekwenda stendi kukata tiketi. Nimekaa chini nje ya mlango, nimefumua, nimeosha kwa sabuni, nimeziacha zikauke bila tone la mafuta. Begi nimeliweka kizingitini, mto juu yake. Nikaisafisha jeki, nikaona niijaribu kidogo kuona kama imekaa sawa. Ukiivaa, dakika za mwanzo mate yanajaa, na mimi mate yakijaa macho nayo yanatoka machozi, sijui yana undugu gani. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa chini, nywele timtim, khanga mabegani, machozi yananitoka.

Nilichosahau ni kwamba kwetu hayo yote yana maana.

Mwanamke hafumui nywele alizosuka juzi, katikati ya siku ya kazi, akaziosha bila mafuta, akakaa chini na begi pembeni, kama hakuna aliyekufa. Na mume hayuko safarini. Na kibanda kimefungwa. Hata mimi ningejiona kwa mbali ningejipa pole.

Mama Zaituni alitoka kwake kumwaga maji. Ni jirani yangu wa ukuta mmoja, tena ukuta wenyewe haufiki kwenye bati, umeishia njiani. Anapika chapati za madereva. Alinitazama, akasimama, akarudi ndani. Alipotoka tena alikuwa amejifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani, mikono bado ina unga. Akaja akakaa chini kando yangu bila kunisalimia. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, kwa sababu Mama Zaituni ni mtu anayesalimia hata kuku.

"Pole, mama," akaniambia taratibu. "Ni upande wako au wa baba?"

Nilitaka kumuuliza upande wa nini. Lakini jeki inashikanisha meno, na kilichotoka ni mlio mrefu wa puani, na mate, nikawahi kujifunika mdomo kwa khanga. Akanikumbatia akaanza kulia.

Jeki haitemwi. Inatolewa kwa vidole gumba viwili, huku na huku, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshikwa na Mama Zaituni. Kila nilipojivuta alinikaza zaidi, ananiambia nisijipige.

Kilio cha Mama Zaituni si cha kificho. Wakaja akina mama wawili na mkeka. Mwingine akaja na unga kwenye beseni, akaupeleka moja kwa moja jikoni kwangu. Kisha nikamwona balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Shila, anakuja na wanaume wamebeba mabenchi mawili, wamevua kofia. Mzee Shila ni mtu wa kuamkiwa hata kama nyumba inaungua, nami nikamwamkia kupitia khanga na jeki, ikatoka "hihaoo". Akaitikia marahaba kwa huzuni kubwa, akainamisha kichwa. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Benchi tuweke upande gani?"

Nilipopata mikono yangu, nilivuta jeki ikatoka na uzi wa mate unaong'aa juani. Mama mmoja alirudi nyuma. Sijui alidhani nimeng'oa meno.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Nakwenda Dodoma kupimwa. Nakoroma."

Ndivyo nilivyosema, mbele ya balozi na wanaume wazima. Neno ambalo nimelibana miaka yote. Mwanamume akikoroma watu wanamtania, mwanamke akikoroma wanashusha macho. Ndiyo maana sijawahi kulala msibani. Wenzangu wanatandika mikeka wanalala pamoja na wafiwa mpaka siku ya kumaliza, mimi jioni naaga, nasema cherehani, nasema mgongo. Najua wananiita mwenye maringo. Niliona bora hilo.

Nikawaeleza hayo pia, maana nilikuwa nimeshafika.

Mama Zaituni alijifuta macho, akaanza kwa kujizuia na akashindwa, akacheka mpaka khanga ya kichwani ikadondoka.

"Hilo tunalijua," akasema. "Lori likiwa Tunduma mkoromo unabaki. Nani mwingine alikuwa humo ndani?"

Akina mama wakacheka, wanaume wakajifanya wanarekebisha benchi. Na mimi nilicheka, nikiwa nimeshika jeki mkononi.

Kisha Mama Zaituni akaacha kucheka. Akaniambia zamani alikuwa akinisikia nakoroma, halafu nanyamaza, naye anajikuta amebana pumzi yake kitandani kwake, anasubiri nianze tena, ndipo anageuka analala. "Siku hizi kimya tu. Nasikiliza, sisikii kitu. Juzi nimegonga ukuta."

Nilikusikia kule kugonga. Nilidhani anapigilia msumari.

Hapo Baba Tumaini akatokea barabarani.

Huko stendi kijana wa bodaboda alikuwa ameshampa pole ya msiba wa nyumbani kwake. Hakumwambia nani, kwa sababu hakujua. Naye akaja kwa miguu, na kutoka barabarani akaona benchi, mkeka, wanaume hawana kofia, akina mama wamesimama wamenizunguka hivyo mimi sionekani. Hakukimbia. Alikuwa anatembea polepole, kama mtu asiyetaka kufika. Mzee Shila akamwendea kumtoa wasiwasi, akamnyooshea mkono, na huo mkono ndio ukaharibu kabisa, maana ndivyo mfiwa anavyopokelewa.

Baba Tumaini hakuushika. Akasema, "Nilimwambia asilale mchana peke yake."

Alisema kwa sauti ya kawaida. Ningependa kuisahau sauti hiyo, na sidhani kama nitaisahau.

Nilisimama, nikawapenya akina mama. Akaniona. Alitazama nywele, akatazama jeki mkononi mwangu, akatazama uso.

"Uko macho," akasema.

"Niko macho."

Akakaa kwenye benchi la msiba, akashika kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Hapo ndipo nilipolia. Nikakaa naye, nikaushika mkono wake nikaubandika mgongoni kwangu, pale pale anapouweka siku zote, nikapumua. Majirani zangu wana midomo, lakini hapo waligeuka wakatazama barabarani.

Aliyetuokoa ni Mzee Shila. Akasema mabenchi yameshatoka, mkeka umeshatandikwa, unga uko jikoni, hivi vitu haviwezi kurudi mikono mitupu, tukae tule. Basi ukapikwa ugali na mlenda na dagaa, Mama Zaituni akaleta chapati za madereva na chupa ya chai. Nilikunywa chai, tena ya rangi, tena nikaongeza. Katazo linaanza kesho.

Wakataka kuiona jeki. Nikaiosha, nikaishika juu waione kwa mbali, nikaeleza inavyovuta taya. Mzee Shila aliisikiliza kwa makini sana, akauliza kama wanatengeneza na ya mtu asiye na meno. Nikamwambia hapo itakosa pa kushika. Akasema basi mke wake aendelee kuvumilia. Mama mmoja akaniuliza polepole, pembeni, kama ni lazima ufike mpaka Dodoma, na kama wanawake wengi wanakwenda. Nikamwambia tutaongea nikirudi. Nadhani nimemwelewa.

Baba Tumaini yeye alikuwa anauliza lile lile analouliza tangu wiki jana. "Na huyo mtu wa kompyuta akisinzia?"

Nikamwambia wanakuwa wawili. Akasema wawili nao wanaweza kusinzia, yeye na mwenzake walikuwa wawili.

Mama Zaituni akamkatiza. "Baba Tumaini, hayo ya kesho waachie Dodoma. Leo lala. Ukuta ni ule ule na masikio ni yale yale. Nikiona kimya kimezidi nitagonga, asipojibu nitakuja na mchi niuvunje mlango."

Wote wakacheka, naye akatabasamu, akasema haya. Nilidhani anamridhisha tu. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mgongo umeegemea ukuta, kikombe kiko mapajani. Wakati Mzee Shila anasimulia ya mke wake, nikakiona kikombe kinainama. Nikakichukua. Hakufungua macho.

Alilala pale pale. Mchana kweupe, katikati ya watu, tiketi mbili zimechungulia mfukoni mwa shati. Sijui ni lini nilimwona amelala na mimi niko macho, maana kila siku huwa anashika usingizi mimi nikiwa nimeshazama, kama anaushika kweli. Mdomo umelegea, lile kunyanzi la katikati ya nyusi limejifuta, anaonekana kama yule aliyekuja kwetu kuposa.

Watu wakaanza kunong'ona. Mama Zaituni akahamishia jiko lake upande wa pili ili sufuria zisigongane. Wakaondoka mmoja mmoja, wananiaga kwa mikono. Mkeka wameuchukua, benchi moja wamelichukua. La pili Mzee Shila amesema atalifuata kesho, halibebeki likiwa na mtu.

Sijui kama jeki itafaulu. Nataka ifaulu, nataka sana, nataka lori lile liondoke nyuma ya nyumba yangu likiwa na mtu aliyelala. Isipofaulu tutauliza ile mashine, tutatafuta hata sola, tutaanza upya. Lakini kuna jambo nimeshaliamua bila kusubiri Dodoma. Msiba ujao mtaani kwetu, Mungu auweke mbali, nitalala mkekani na wenzangu. Nitaweka jeki. Ikishindwa kazi, watanisikia, na wameshanisikia miaka yote.

Jua limeshuka mpaka kwenye magoti yake, nimemfunika miguu kwa khanga. Kumbe naye anakoroma. Kidogo tu, kwa adabu, anavuta na kuachia, anavuta na kuachia. Kuna mahali amenyamaza, nami nikajikuta nimebana pumzi, kidole kimesimama juu ya simu, nasubiri.

Akavuta tena.

Kwa hiyo hivi ndivyo anavyokaa, siku zote hizi.

Nywele bado zimesimama na begi liko kizingitini. Ya Dodoma tutayaona tukifika. Leo zamu ni yangu.